Sabuni za Ubao wa Chini

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, Shadia alikuwa na kazi yake: kugeuza sabuni. Mama yake, Mwanahamisi, alikuwa mpishi wa sabuni katika mtaa wa Waswahili mjini Rumonge. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kibanda cha mabati chenye mbao mbili ndefu, mmoja juu na mwingine chini, na juu yake vipande vya sabuni vilipangwa vikauke. Usipovigeuza, upande mmoja hukauka na mwingine hubaki na unyevu, na sabuni hujikunja ikawa kichekesho sokoni.

Mama alipika sabuni za aina mbili. Ile ya manjano, ya mawese, ilikuwa ya kufulia, na hiyo haikuwa na makuu. Nyeupe ilikuwa ya kuogea. Ilipikwa kwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kutoka ndani ya kokwa za mchikichi, pamoja na soda kali ambayo wapishi huiita kostiki. Sifa za sabuni nyeupe ya Mwanahamisi zilifika Muhuta upande mmoja na Kabonga upande mwingine. Wanawake wa mtaani hawakukubali kabisa mtoto mchanga aguswe na sabuni nyingine.

Asubuhi hiyo mama alisimama mlangoni mwa kibanda akifunga kilemba chake.

"Shadia, geuza za juu peke yake. Zile za ubao wa chini usiziguse. Ziko kali. Kostiki ilizidi, Jumamosi tutaziyeyusha upya na kuongeza mafuta."

"Mama, lakini zote ziko sawa tu! Nyeupe hizi, nyeupe zile. Unajuaje kama hizi ziko kali?"

"Najua," mama akajibu kwa kifupi, akavuta mkono wa gauni lake hadi kwenye kiganja. "Na usichelewe. Leo ni siku ya saba ya mutoto wa Kadidja. Alasiri Babu Radjabu atamunyoa, nami nitapeleka sabuni."

Mama mdogo Kadidja alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na desturi yao ni kwamba siku ya saba mtoto hupewa jina na kunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Kichwa chake hupakwa povu kwanza ili wembe upite taratibu. Na povu hilo, katika mtaa huo, lilikuwa la Mwanahamisi miaka nenda miaka rudi.

Mama alipoingia jikoni, Shadia alianza kugeuza. Aligeuza kipande kimoja, akageuza cha pili, mara akasikia sauti ya rafiki yake Raisa nje ya ua.

"Shadia! Mitumbwi imerudi na mikeke mingi ajabu! Njoo haraka tuone kabla ya shule!"

Nani angebaki na sabuni wakati ufuo umejaa mikeke, samaki watamu wa ziwani? Shadia aliona kugeuza kimoja kimoja ni kujitesa. Akashika ukingo wa ubao wa juu kwa mikono miwili ili auinamishe kidogo, vipande vijigeuze vyenyewe. Kwa kweli vilijigeuza. Ubao uliteleza kwenye gogo lake, ukaangukia ule wa chini, na sabuni zote zikamwagika juu ya mkeka, za juu na za chini, rundo moja jeupe.

Shadia alisimama kama aliyepigwa na umeme. Alisikiliza. Jikoni mama alikuwa akikoroga uji, hakusikia kitu. Basi akapiga magoti, akazikusanya upesi, akazifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akazipanga tena juu na chini. Alizipanga vizuri kuliko zilivyokuwa mwanzo, mistari imenyooka, nafasi sawasawa. Ukiziangalia ungesema hakuna kilichotokea. Kipande kimoja kilikuwa kimemeguka pembe, na mabaki yake akanawia mikono kwenye ndoo kwa haraka, bila hata kusuuza vizuri. Kisha akakimbilia ufuoni.

Mikeke aliiona, lakini haikumfurahisha.

* * *

Darasani kulikuwa na somo la sayansi. Mwalimu Sylvestre, mwanamume mrefu aliyependa kuzungumza huku akitembea baina ya madawati, alikuwa ameleta bakuli lenye maji ya zambarau. Alikuwa amechemsha kabichi nyekundu iliyoshuka kutoka milimani.

"Mutaniambia mwalimu wenu amekuwa mupishi," alisema, na darasa likacheka. "Sawa. Tazameni mapishi yangu."

Alimimina maji hayo kwenye glasi tatu. Ya kwanza akaikamulia ndimu. Maji yakageuka waridi hapo hapo, na watoto wa nyuma wakasimama juu ya viti. Ya pili akaitia maji ya majivu. Yakawa kijani kibichi. Hakuna aliyecheka tena. Shadia alisahau kupepesa macho. Yalikuwa maji yale yale, kutoka bakuli lile lile, na sasa yalikuwa yakisema mambo mawili tofauti.

Glasi ya tatu mwalimu aliiweka mbali na watoto. Alivaa glavu, akachukua punje chache kutoka kwenye kichupa kilichofungwa vizuri, akazidondosha ndani. Kijani kilipita upesi, kikafuatwa na rangi ya njano iliyong'aa.

"Hii ni kostiki," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa Rumonge tunaijua, kwani ndiyo tunayopikia sabuni. Ikikutana na mafuta ya kutosha, inatulia, inakuwa kitu kingine kabisa, kitu cha kutuosha. Ikizidi, ile iliyobaki bila mafuta inatafuta mafuta mahali pengine. Na mahali pa karibu ni ngozi yako."

"Ngozi iko na mafuta, mwalimu?" akauliza Raisa.

"Tena mengi. Jiguse. Ngozi hiyo unayoigusa inakulinda na jua, na maji, na vijidudu, usiku na mchana, na wala hujaishukuru hata siku moja. Ya mutu muzima imeshaimarika. Ya mutoto muchanga bado ni laini sana. Kitu ambacho wewe kinakuwasha tu, yeye kitamuunguza."

Shadia alitazama mikono yake. Tangu asubuhi vidole vilikuwa vikimwasha, naye alijiambia ni baridi ya ziwa. Sasa aliona ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyekundu na imekauka. Alikumbuka pembe iliyomeguka. Akaikumbuka mistari yake iliyonyooka, nusu ya wema na nusu ya sumu, na hakuna jicho lingeweza kuitenganisha. Na mama angekuja kuchukua kipande kutoka ubao wa juu, akiwa na imani yake yote.

Alinyoosha mkono, akaomba ruhusa akaoshe mikono. Mwalimu Sylvestre alipoiona alimpeleka mwenyewe bombani, akamwambia aiache chini ya maji muda mrefu.

"Imekuwaje, Shadia?"

Shadia alitaka kusema ni mafuta ya kukaangia. Neno lilifika mdomoni likakwama. Aliona aibu, akatikisa kichwa tu.

* * *

Kengele ya kutoka ilipolia hakumsubiri mtu. Alipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa. Alichungulia kibandani, na kwenye ubao wa juu, katika mstari wake mzuri wa kwanza, palikuwa na pengo la kipande kimoja.

Shadia alikimbia. Alipita soko la samaki, akapita basi dogo la Nyanza-Lac lililokuwa likipakia mitungi ya mawese barabarani, viatu vikimtoka, akifunga na kufungua maneno kichwani. Labda amechukua kizuri. Labda nikifika nitakuta wameshamaliza na mtoto hana kitu. Labda nisiseme. Lakini miguu haikusubiri amalize kujadiliana, iliendelea kwenda.

Ua wa mama mdogo Kadidja ulikuwa umejaa watu. Harufu ya pilau na nyama ya mbuzi ilimpokea langoni. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, amevingirishwa kitambaa cheupe, kichwa chake kidogo kikiwa wazi na nywele zimelala kama manyoya ya kifaranga. Mbele yake Babu Radjabu, mjomba wa mama, aliyekuwa amevua samaki maisha yake yote, alikuwa ameketi na bakuli la povu. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kamba na makasia hata hasikii kitu. Alikuwa amelichota povu kwenye vidole, anasema bismillahi.

"Babu, usimupake!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wote waligeuka. Mama yake, aliyekuwa amesimama karibu na beseni, alikunja uso.

"Shadia! Unasema nini wewe?"

"Sabuni..." Alihema. "Mama, leo asubuhi niliangusha mbao. Zote mbili. Zilichanganyika, nami nikazipanga tena bila kukuambia. Hiyo inaweza kuwa ya chini."

Jirani mmoja, mama Asma, akacheka ili kupunguza aibu.

"Mutoto anasumbua tu. Sabuni ya Mwanahamisi iko nzuri siku zote. Endelea, Babu."

Hapo mama angeweza kucheka naye. Jina lake lilikuwa mbele ya mtaa mzima, na njia ya kuliokoa ilikuwa imefunguliwa. Shadia alimtazama, na machozi yakaanza kumtoka kwa hofu.

Mama hakucheka. "Subiri kwanza, mujomba," alisema. Alichota povu kutoka bakulini, akakunja mkono wa kushoto wa gauni, ule ambao huuvuta kila mara, akapaka kidogo upande wa ndani, pale ngozi ilipo laini. Kisha akaketi kwenye jamvi, mkono juu ya goti.

Wakangoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake angoje, lakini hata watoto waliokuwa wakikimbizana waliacha. Muda ukapita. Bibi alimfunika mjukuu kichwa. Mama hakutikisika, ila Shadia aliona anauma mdomo wa chini. Alipofuta povu, chini yake palikuwa na doa jekundu lenye ukubwa wa kifungo, nalo liliendelea kuiva mbele ya macho yao.

"La ilaha illa llah," Babu Radjabu akanong'ona. Alitazama bakuli, akatazama kile kichwa kidogo. Alikwenda mwenyewe kulimwaga povu mbali na njia ya watu, akaosha vidole mara nyingi ingawa havikumwasha.

Mama alimimina maji tele juu ya mkono wake. Halafu akawaomba radhi Kadidja na watu wote, kwa maneno machache, amesimama wima. Mtoto alinyolewa kwa maji ya vuguvugu peke yake. Alilala tu, hakuamka hata alipopewa jina la Mbaraka. Kadidja alimvuta Shadia, akamkumbatia kwa nguvu.

* * *

Waliporudi nyumbani Shadia alisubiri karipio. Halikuja. Mama alitandika mkeka uani, akatoa sabuni zote kibandani, akaketi mbele yake.

"Itabidi nizijaribu moja moja," alisema.

"Utazijaribu kwa mukono?"

"Nitazijaribu kwa nini kingine?"

Akakunja gauni hadi kwenye kiwiko. Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na kwa mara ya kwanza Shadia aliuona mkono ule vizuri. Alikuwa ameona zile alama kwa kuibia tangu utotoni, akidhani ni mafuta yaliyorukia wakati wa kukaanga maandazi. Hazikuwa hivyo. Zilikuwa madoa madogo ya mviringo, mengine yamefifia hadi yakabaki kivuli, mengine bado ya kahawia, yamepangika kutoka kwenye kiganja kwenda juu.

"Mama, hizi zote..."

"Sabuni ikikubali, haiachi kitu. Ikikataa inaacha alama. Mama yangu alifanya hivi, nami nafanya hivi. Siwezi kumupa mutu kitu cha kupaka mutoto wake kama mimi mwenyewe sijakipaka."

Shadia aliugusa mkono ule kwa ncha ya kidole. Wanawake wote wa Rumonge waliosifu sabuni nyeupe, watoto wote walioogeshwa wakalala bila kulia, na nyuma ya usingizi wao wote kulikuwa na mkono huu mmoja uliofichwa ndani ya gauni. Yeye alilishwa na mkono huo kila siku. Hakuwahi kuuliza alama zile zilitoka wapi. Alihisi udogo wa ajabu, udogo anaouhisi mtu akisimama usiku mbele ya ziwa lote, na alilia bila kujificha.

Mama alipochukua kipande cha kwanza, Shadia alikishika.

"Usijaribu leo, mama. Tafadhali. Ngoja mpaka kesho."

* * *

Kesho yake, baada ya masomo, Shadia alimfuata Mwalimu Sylvestre na safari hii alimweleza yote, hata lile neno lililokwama bombani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kuchukua nusu ya kabichi nyekundu iliyokuwa imebaki.

"Twende," alisema. "Huo mukono nataka kuuona."

"Amahoro, mama Shadia," alisalimu alipoingia uani.

"Amahoro, mwalimu. Karibu. Mutoto amefanya nini tena?"

"Mutoto amenileta kazini."

Walichemsha kabichi kwenye sufuria ya uji. Walipanga sahani nyeupe za bati juu ya mkeka, na mbele ya kila sahani kipande kimoja cha sabuni. Shadia, akiwa amevaa glavu za mwalimu zilizompwaya, alikwangua unga kidogo kutoka kila kipande, akautia maji na kuukoroga. Mwalimu alimpa kijiko cha maji ya zambarau. "Anza wewe."

Sahani ya kwanza ikawa kijani. Ya pili kijani. Ya tatu Shadia alimimina, zambarau ikasambaa kama moshi, ikapita kwenye kijani bila kusimama, ikawa njano.

Mama alishika kifua. "Mashallah," alisema taratibu. Aliinama mpaka kilemba kikakaribia kugusa sahani. "Inasema! Inasema kile mukono wangu unasema. Na haiumii."

"Haiumii," Mwalimu Sylvestre alikubali.

Waliendelea mpaka sahani zikazunguka ua mzima, za kijani upande huu na za njano upande ule, na jua likizipiga. Majirani walikuja kuchungulia ukutani, mama Asma akiwa wa kwanza, wala hakutania. Shadia alikuwa akiwaza kwamba rangi hizi zilikuwemo kwenye kabichi siku zote, pale sokoni, na watu walizikatakata wakala.

Walipomaliza, mama alichukua kipande kimoja cha upande wa kijani, akakunja gauni.

"Bado tena, mama?" Shadia akashtuka.

"Mwache," mwalimu akasema. "Maji haya yanaijua kostiki tu. Kama kuna manukato mabaya au kitu kingine, hayatakuambia. Neno la mwisho ni la ngozi. Lakini sasa haitaanza yenyewe. Maji yatatangulia, na kile kitakachokataliwa na maji hakitafika mukononi kabisa. Paka kidogo, mama Shadia, osha, kisha angalia mpaka kesho."

"Basi nipake mimi," Shadia akanyoosha mkono wake. "Wewe pumuzika."

Mama aliushika mkono huo. Wekundu wa vidole ulikuwa bado haujaisha. Aliutazama kwa muda, akaurudisha mapajani mwa Shadia.

"Huu bado unakua. Uache ukue. Wewe utashika kijiko cha zambarau." Kisha akasogea karibu. "Na sikiliza nikuambie, kwa sababu jana sikukuambia. Kuangusha ubao si kosa, mwanangu. Hata mimi nimewahi kuangusha. Ungeniita pale pale, tungezitenga na mambo yangekwisha. Kosa lilikuwa kuzipanga vizuri."

Shadia aliinamisha kichwa.

"Ulizipanga vizuri kuliko mimi," mama akaendelea, na sauti yake ikalegea. "Nilipoingia nilifurahi, nikasema mwanangu sasa anajua kazi. Ndiyo maana nilichukua kipande bila kufikiri mara mbili. Mutu akiona rundo limevurugika, anauliza. Akiona mustari umenyooka, haulizi. Lakini jana ulikuja mbele ya watu ukauvuruga mwenyewe, na mutoto amelala salama. Hilo sitalisahau."

"Nami neno hilo la mustari nitalipeleka darasani," alisema Mwalimu Sylvestre, akikusanya vijiko.

Kesho yake mkono wa mama haukuwa na kitu. Tangu siku hiyo kila sabuni nyeupe iliyokubaliwa na maji, kisha na mkono, hukatwa pembe moja kwa kisu, ili hata ikianguka na kuchanganyika na nyingine ijulikane. Na Mbaraka alipotimiza arobaini, Shadia ndiye aliyetumwa kupeleka sabuni. Mama mdogo Kadidja alikipokea kipande, akapapasa kwa kidole mahali palipokatwa, akamwita ndani.

"Urakoze, asante sana Shadia. Sasa kaa," alisema, akamweka mtoto mapajani mwake. "Muogeshe wewe."